Kitanda Kilicholea Watoto Wanne

Katika nyumba nyingi za kando ya ziwa letu, mtoto wa kwanza akikaribia kuzaliwa, vitu huanza kufika kabla yake. Shangazi huleta kanga, bibi huleta beseni, jirani huleta nguo ambazo watoto wake wamekwisha kuziacha. Ni desturi njema, nasi hatuna neno la kuipinga. Walakini safari hii twataka kusema juu ya kitu kimoja katika hivyo, nacho ni kitanda kidogo cha mtoto mchanga, kilichotumika katika nyumba nyingine, kisha kikatolewa kwa upendo.

Sababu ya kuandika ni hii. Mwalimu mmoja, rafiki yetu, akaaye Igogo hapa Mwanza, alituomba twende naye bandarini kupokea mzigo kutoka Nansio. Dada yake alikuwa amempelekea mkewe kitanda cha mtoto. Kilishushwa melini kimefungwa kamba za katani. Kilikuwa cha mbao, kimepakwa rangi ya buluu, na ubavu wake mmoja umefanyizwa hata uweze kushushwa kwa bawaba, ili mama asiiname sana anapomlaza mtoto. Fundi wa kule Ukerewe alikitengeneza kwa kuiga kitanda cha kizungu alichokiona zamani. Tukakipandisha mlimani kati ya mawe, sisi tukishika mchagoni, mwalimu akishika miguuni, tukapumzika mara tatu.

Mama yake mwalimu alikuwa mlangoni akitungoja. Alipokiona alipiga vigelegele, akasema, "Hiki kimelea wajukuu zangu wanne, na wote ni wazima!" Mke wa mwalimu, ambaye alikuwa na mimba ya miezi minane, alikishika kitanda, akakitikisa kidogo, nacho kikalia kama mlango mbovu. Hakusema neno. Lakini mama mkwe alipokwenda jikoni, akatuuliza kwa sauti ya chini, "Je, ni salama?" Nasi tukaona haya, maana hatukuwa na la kumjibu.

Basi tangu siku ile tumeuliza wauguzi, tumeuliza mafundi seremala, tumesoma yaliyoandikwa na wataalamu wa nchi ambazo vitanda vya namna hii vimetumika kwa miaka mingi. Haya ndiyo tuliyoyapata.

Kwanza, neno la mama mkwe ni la kweli, lakini si jibu. Mvuvi aweza kuvuka kwenda Ukerewe mara nne katika mtumbwi wenye ufa, na mara zote nne akafika. Je, twaweza kusema kwamba ufa haupo? Kufika kwake kumetuonyesha tu kwamba siku zile nne mawimbi hayakuukuta ufa. Tena kitanda hakibaki vile vile kilivyokuwa. Mbao hukauka na kupinda, parafujo hulegea, gundi huachia, na kila safari ya kufunguliwa na kufungwa tena huongeza ulegevu. Mtoto wa kwanza alilala katika kitanda kipya. Wa tano atalala katika kitanda kizee, ijapokuwa jina lake ni lile lile.

Jambo kubwa kuliko yote ni nafasi kati ya fito za ubavuni. Watu wengi hudhani ya kuwa hatari ni mtoto kuanguka chini, kwa hiyo wakiona ubavu ni mrefu, huridhika. Sivyo. Mwili wa mtoto mchanga ni mwembamba kuliko kichwa chake. Kiuno hubonyea, kifua hubonyea, lakini fuvu halibonyei hivyo. Mtoto akijisukuma usiku, miguu hupita kati ya fito, kisha kiuno, kisha kifua, mpaka mwili wote uko nje na kichwa kimezuiwa ndani. Miguu haifiki chini. Shingo yake haina nguvu ya kumwinua, wala hawezi kulia, maana pumzi imezibwa. Mama aliyelala hatua mbili tu kutoka hapo hatasikia kitu.

Kwa ajili ya vifo vya namna hii, mwaka 1973 serikali ya Marekani ilitoa amri kwamba nafasi kati ya fito za kitanda cha mtoto isizidi inchi 2 na 3/8, yaani sentimeta 6. Kabla ya hapo mafundi walizipanga fito kwa kadiri ya macho yao, kama vile mafundi wengi wa barabarani kwetu wafanyavyo hata leo. Hatuwalaumu, maana fundi hutengeneza alichoombwa, na hakuna aliyemwambia kipimo. Lakini wewe msomaji sasa umeambiwa. Katika nyumba ya mwalimu haikosi rula ya shule. Ichukue, pima kila nafasi, wala usipime moja ukaziamini nyingine, kwa sababu ufito mmoja uliolegea watosha kuharibu kazi ya fito kumi. Ukiwa huna rula, chukua kopo la soda, lile la bati. Upana wake wapita sentimeta 6 kidogo. Likipita kati ya fito, kitanda hicho hakifai kwa mtoto mchanga. Kisha shika kila ufito, uuvute na kuuzungusha. Usiwepo hata mmoja unaocheza.

Tunajua jinsi akina mama wanavyofanya wakiona nafasi ni kubwa. Hufunga kanga kuzunguka fito, au hupanga mito pembeni. Nia ni njema, lakini dawa hii yaleta ugonjwa mwingine. Kanga hufunguka ikamfunika mtoto uso, au mtoto akasukuma kichwa kati ya kanga na fito. Hata mito laini iliyotengenezwa dukani kwa kazi hiyo hiyo ya kuzunguka kitanda imekatazwa kuuzwa Marekani kwa sheria ya mwaka 2022.

Sasa na tutazame ule ubavu wa kushuka, uliomfurahisha sana mama mkwe. Kwa miaka mingi vitanda vya namna hiyo viliuzwa katika nchi tajiri, tena katika maduka ya heshima. Baadaye ilionekana kwamba vishikizo vyake huvunjika au kulegea, ubavu ukaachana na nguzo upande mmoja, pakawa na mwanya ambao mtoto huteleza na kubanwa. Wakaguzi wa Marekani walihesabu watoto wasiopungua 32 waliokufa hivyo tangu mwaka 2000, na kuanzia tarehe 28 Juni 2011 vitanda hivyo vikakatazwa kutengenezwa na kuuzwa katika nchi ile. Twalitaja neno hili kwa makusudi, maana wako wasemao, "Hiki ni cha mtumba kutoka Ulaya, hakiwezi kuwa kibaya." Kitanda cha mtumba hakiji na siku yake ya kuzaliwa. Chaweza kuwa kilitengenezwa kabla ya amri, na chaweza kuwa kilitolewa kwa sababu ya amri. Kipime kama ungalivyokipima cha fundi wa jirani.

Katika kitanda cha Nansio, bawaba moja ilikuwa imekatika zamani, na mahali pake palifungwa waya. Waya ule ulikuwa umekazwa vizuri, twakiri. Lakini kitu kinachomzuia mtoto asianguke wala asibanwe kisiwe waya. Kama ubavu wa kushuka ni mzima na fito zake ni nzuri, fundi aweza kuukaza kwa boliti nne usishuke tena kabisa, na mama atainame. Mgongo wa mama utapona.

Juu ya godoro hatutasema mengi. Liwe gumu, lijae kitanda chote. Ukiweza kupitisha vidole viwili kati ya godoro na ubavu, mwanya huo ni mkubwa mno, maana mtoto akigeuza uso pale hawezi kuuinua. Godoro la sufi au la pamba lililotumika miaka mingi huwa na bonde katikati. Likandamize kwa kiganja; lisipoinuka mara moja, liache. Wengi hutunza kitanda na godoro lake pamoja kama urithi mmoja, nasi twaona heri godoro libadilishwe hata kitanda kikikubalika. Chini ya godoro tazama chaga, kwamba hazikupasuka na zimepigiliwa pande zote mbili. Tazama nguzo za pembeni pia, zisichomoze juu ya ubavu, kwa kuwa nguo au uzi wa shingoni waweza kunasa hapo mtoto anapoanza kusimama.

Rangi ni jambo lisiloonekana, na kwa hiyo husahauliwa. Mtoto anayeota meno huguguna ubavu wa kitanda kama panya. Rangi nyingi za mafuta za zamani zilichanganywa na risasi, nayo huharibu ubongo wa mtoto polepole, bila homa wala kilio. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba hakuna kiasi cha risasi mwilini kijulikanacho kuwa hakina madhara. Marekani ilikataza rangi hiyo kwa matumizi ya nyumbani mwaka 1978, lakini katika nchi nyingi iliendelea kuuzwa muda mrefu baadaye. Kwa macho huwezi kuitambua. Kama rangi ya kitanda ni ya zamani na inabanduka, usiikwangue kwa msasa mkavu ukafikiri umesafisha, maana vumbi lake ni baya kuliko rangi yenyewe. Na mbao zake usizitie jikoni kuwa kuni.

Hapa yatupasa kuongeza onyo moja ambalo halimo katika vitabu vya kigeni, lakini sisi wa nchi ya pamba twalihitaji. Kitanda kizee hukaa kunguni katika viungo vyake. Wako watu ambao, wakipokea kitanda kama hicho, hukipulizia dawa ya pamba iliyobaki shambani, na siku ya pili humlaza mtoto juu yake. Dawa zile zimetengenezwa kuua wadudu wa shambani, nyingine hushambulia mishipa ya fahamu, na ngozi ya mtoto mchanga ni nyembamba. Kunguni huuawa kwa maji yanayochemka yakimiminwa katika kila kiungo, mara kadhaa kwa siku kadhaa, na kitanda kikaanikwa juani mpaka kikauke kabisa. Ni kazi ya kuchosha. Lakini dawa ya pamba isikaribie chumba cha mtoto.

Na chandarua? Katika nchi za baridi, washauri husema kitandani mwa mtoto pasiwe na kitu cho chote kinachoning'inia. Wao hawana mbu wetu. Kwetu kumlaza mtoto bila chandarua ni kumtoa kwa malaria, na hilo hatuwezi kulishauri. Mpango wa Chandarua Kliniki, ulioanza mwaka 2016, uliwapa vyandarua vyenye dawa akina mama wajawazito waliofika kliniki, na watoto walipoletwa kuchanjwa surua. Basi kitumike, lakini kitumike vizuri. Kifungwe juu sana, kivutwe kikaze, kichomekwe chini ya godoro pande zote, wala kisilegee ndani hata kugusa uso wa mtoto. Matundu yashonwe. Chandarua kikubwa kilichotengenezwa kwa kitanda cha watu wawili, kikitupwa juu ya kitanda kidogo, huwa na nguo nyingi zinazoanguka ndani. Ni afadhali kitanda kidogo kisogezwe karibu na cha mama, na chandarua kimoja kifunike vyote viwili.

Tena kitanda kilicho kizuri kabisa hakimlindi mtoto akilazwa vibaya. Mtoto mchanga alazwe chali, yaani kwa mgongo, kila anapolala, mchana na usiku. Wazee wetu wengi huogopa kwamba akicheua atapaliwa, na zamani hata waganga wa Ulaya walifundisha alazwe kifudifudi. Wakaja kuona kosa lao. Uingereza ilianza kuwafundisha wazazi upya mwaka 1991, Marekani mwaka 1994, na vifo vya ghafula vya watoto usingizini vikapungua kwa zaidi ya nusu katika miaka iliyofuata. Mto usiwekwe, hata ule mdogo uliodariziwa jina. Blanketi zito halihitajiki, maana usiku wa Mwanza si wa baridi kali. Nguo nzuri ya kulalia yatosha.

Mtu atauliza, "Je, nikikikataa kitanda, mtoto atalala wapi?" Swali hili ni la haki, kwa kuwa si kila nyumba yaweza kumwita fundi tena. Jibu lake ni jepesi kuliko watu wadhanivyo, nalo limo katika habari ya nchi ya Finland. Tangu mwaka 1938 serikali ya huko imewapa akina mama maskini, na tangu mwaka 1949 akina mama wote, sanduku la makaratasi magumu lenye nguo za mtoto ndani yake. Sharti lilikuwa moja, mama aende kliniki mapema. Chini ya sanduku mna godoro dogo, na watoto wengi wa nchi ile walilala usingizi wao wa kwanza katika sanduku hilo hilo. Halina rangi ya buluu wala ubavu wa kushuka. Kwetu, godoro dogo gumu juu ya mkeka safi, kando ya kitanda cha mama, chini ya chandarua kilichochomekwa vizuri, na mbali na jiko la mkaa, ni mahali pema kuliko kitanda chenye fito za mashaka.

Sasa turudi Igogo. Jumamosi iliyofuata tulikwenda na rula. Nafasi za fito zilikuwa sentimeta 9, na moja ilikaribia 10. Fito zingeweza kuongezwa, na ubavu ungeweza kukazwa. Lakini rangi ilikuwa ya zamani, tena ilikuwa ikibanduka hasa pale juu ambapo watoto huuma. Tukaona kwamba ukiondoa fito, ukiondoa ubavu, na ukiondoa rangi, hakuna kilichobaki cha kurithi isipokuwa matendegu.

Kazi ngumu haikuwa kupima. Mke wa mwalimu asingaliweza kumwambia mama mkwe kwamba zawadi ya wifi yake haifai, wala haikumpasa. Mwanamke aliyeolewa juzi akisema hivyo, huambiwa ana kiburi. Ilimpasa mwalimu mwenyewe kusema na mama yake, naye aliahirisha siku mbili. Mwishowe alikaa naye kibarazani, akaleta kopo la soda, akalipitisha kati ya fito mbele yake. Mama akasema, "Mwanangu, mtoto si kopo."

Mwalimu hakubishana. Aliuliza tu, "Mama, katika wale wanne, hakuna aliyewahi kutoa miguu nje?"

Mama akanyamaza. Kisha akasema kwamba yule wa tatu, alipokuwa na miezi sita, walimkuta mara mbili asubuhi mwili wake umetoka nje hata kifuani, ameshika ufito kwa mikono miwili. "Tulicheka," akasema. "Tulimwita mvuvi, kwa kuwa alikuwa ananing'inia kama samaki." Akalitwaa kopo mkononi mwa mwanawe, akalipitisha tena kati ya fito, yeye mwenyewe, mara ya pili na ya tatu. Hakusema kwamba kitanda hakifai. Alisema, "Nitampigia simu dada yako mimi. Wewe usimpigie."

Nasi tulikuwapo alipopiga. Alimshukuru binti yake kwa zawadi, akamwuliza habari za watoto na za samaki, kisha akamweleza habari ya fito na ya rula, bila kumlaumu mtu. Dada alikaa kimya muda mrefu hata tukadhani mtandao umekatika. Halafu akasema kwamba fundi yule, mwaka ule ule, alitengeneza vitanda viwili. Cha pili kilikuwa nyumba ya tatu kutoka kwake, na ndani yake alilala mtoto wa miezi mitano.

Alitoka wakati ule ule na rula ya mwanawe wa shule. Baada ya nusu saa simu ikalia tena. Sentimeta 9 na nusu. Yule mtoto alikuwa amekwisha kuhamishiwa kwenye godoro kando ya mama yake, na baba yake alikuwa akining'iniza chandarua upya.